Daftari la Wagonjwa ni Amana

Sisi ni waalimu wa chuo. Kila siku hufungua daftari la wanafunzi, na mtoto asiyeitika jina lake hatuachi kumtumia mtu kwao. Lakini nyumbani kwetu lilitufika jambo tusilotaka liandikwe.

Ndugu yetu mkubwa alifariki kwa saratani ya koo. Karani wa daftari la saratani hospitalini akatuuliza umri wake na mahali alipokuwa akikaa. Tuliona haya, tukachelea maneno ya watu na posa za binti zetu. Tukamtajia mtaa wa mbali, mjini. Baadaye jirani zetu wawili walipatwa na maradhi yayo hayo. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa katika hesabu ya serikali kijiji chetu kimepungua mtu mmoja, na aliyempunguza ni sisi.

Mahali si neno dogo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, mwaka 1958 alieleza habari za uvimbe wa taya uwapatao watoto. Hakutosheka kwa kutibu. Aliziandikia hospitali nyingi za Afrika kuuliza ni wapi maradhi hayo huonekana, na mwaka 1961 akafunga safari kwa motokaa, yeye na wenziwe wawili, hata Afrika ya Kusini. Majibu yalipotiwa katika ramani, ukadhihiri ukanda wa nchi zenye joto na mvua. Dalili hiyo iliwaongoza wataalamu, na mwaka 1964 wakaona kirusi ndani ya uvimbe ule. Leo watoto wengi wakitibiwa mapema hupona. Lau kila mzazi angedanganya kwao ni wapi, ramani ile ingesema nini?

Wala jina la mgonjwa halitangazwi. Huandikwa ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili, kisha hufichwa. Kinachotolewa ni hesabu tu.

Tumewasomesha watoto Suratul Baqara, ambamo Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika deni, dogo au kubwa, na akatukataza kuficha ushahidi. Tuliwafundisha wenzetu, tukajisahau wenyewe.

Basi mwaka huu tulirudi kwa karani tukamweleza kweli. Alifuta mtaa ule, akaandika kijiji chetu. Enyi vijana, mkiulizwa, semeni kweli, ijapokuwa wazee wenu wanakonyeza. Mwenyezi Mungu amrehemu ndugu yetu, na atusamehe. Amin.