Aliyepitwa Dau na Habari Alizopewa

Mkusanyaji wa sarafu aliyepitwa dau katika minada ya London ya karne ya 19 aliondoka mikono mitupu, lakini hakuondoka bila habari. Sotheby's, nyumba ya mnada iliyoanza kwa kuuza vitabu mwaka 1744, ilikuwa ikichapisha baada ya baadhi ya minada orodha iliyoonyesha bei ya kila loti, yaani sarafu moja au kikundi cha sarafu kilichouzwa chini ya namba moja, pamoja na jina la mnunuzi. Mara nyingi jina hilo lilikuwa la mfanyabiashara aliyetumwa na mteja asiyetaka kujulikana, na hata hivyo lilitosha, kwa kuwa aliyeikosa sarafu alijua abishe hodi katika duka gani endapo hakuwa amekata tamaa.

Kadiri wakusanyaji wa mbali walivyoongezeka katika karne ya 20, ndivyo sehemu kubwa ya mnada ilivyohamia katika bahasha. Katalogi zilitumwa kwa posta, na mteja asiyeweza kufika alirudisha fomu yenye kikomo cha dau lake, ambalo nyumba ilipaswa kulipandisha hatua kwa hatua kwa niaba yake, bila kulimaliza pale washindani walipoishia chini. Majina ya wanunuzi yaliondolewa katika orodha kwa ajili ya usiri, zikabaki namba za loti na bei, na orodha yenyewe ilifika wiki kadhaa baadaye, pengine kwa wale tu walioilipia pamoja na katalogi. Aliyeshinda alipata ankara. Aliyeshindwa bila kulipia orodha alipata ukimya, na ukimya huo haukutofautisha dau lililopitwa na dau lililopotelea njiani pamoja na barua yake.

Barua za maelezo ziliandikwa pale mteja alipolalamika, na lalamiko moja lililozoeleka lilikuwa la mtu aliyeandika kikomo cha pauni 500, kisha akasoma kwamba loti imeuzwa kwa pauni hizo hizo 500. Kumjibu kwa haki kulihitaji uvumilivu. Madau mawili ya posta yakilingana, desturi ya nyumba nyingi ni kumpa ushindi yule ambaye fomu yake ilitangulia kufika. Aidha, bei hupanda kwa hatua zilizopangwa, tuseme 450, 480, kisha 500, hivyo dau la posta likisimama kwenye 480 na mtu aliye ukumbini akatangulia kuitikia 500, fomu haiwezi kupanda tena, ingawa kikomo chake ni 500 vilevile. Nyumba iliyochukua muda kueleza hayo ilimfundisha mteja kutuma fomu mapema na kuruhusu hatua moja ya ziada, ilhali iliyojibu kwa sentensi moja ilimwacha akishuku kwamba fomu yake haikusomwa.

Mwaka 1975 nyumba za mnada za Christie's na Sotheby's zilianza kumtoza mnunuzi wa London ada ya asilimia 10 juu ya bei ya nyundo, yaani ile inayofikiwa dalali anapogonga nyundo, na tangu ada za namna hiyo zienee, bei anayoisoma aliyeshindwa imekuwa na maana mbili. Nyumba nyingi za Marekani hutangaza jumla pamoja na ada, ilhali nyingi za Ulaya hutangaza bei ya nyundo peke yake. Mtu anayefuatilia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 na utawala wa Wajerumani wakati wa vita, huikuta katika minada ya pande zote mbili, na akilinganisha bila kujua tofauti hiyo, atadhani alipitwa mbali kumbe alikaribia.

Intaneti ilifuta kusubiri. Baada ya eBay, soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 1995, kuwazoesha watu taarifa za papo hapo, mkusanyaji huambiwa kwamba amepitwa wakati mnada ungali wazi na bado anaweza kupandisha dau. Hiyo ni faida kubwa, sawa na hifadhi za bei za zamani ambazo nyumba za mnada kama Heritage Auctions na Classical Numismatic Group zimeziweka mtandaoni, zikampa mkusanyaji wa kawaida maarifa yaliyokuwa ya wafanyabiashara wenye makabati ya katalogi. Lakini taarifa inayokuja baada ya mnada huandikwa na programu, kwa kawaida haielezi madau yaliyolingana wala hatua za bei, na mara nyingi hukimbilia kutangaza mnada ujao. Upungufu huo si mdogo, kwani aliyeshindwa ndiye aliyeisukuma bei hadi ilipofika, na muuzaji pamoja na nyumba yenyewe wamenufaika na ushiriki wake.

Mahali ambapo maelezo ya binadamu bado yanahitajika ni pale mshindi anapokosa kulipa, nyumba ikamwandikia aliyekuwa wa pili kumuuliza kama angali anaitaka sarafu kwa dau lake la mwisho. Mkusanyaji makini huuliza kwanza ni nani wengine waliokuwa wakipandisha, bila kudai majina yao, kwa sababu ikiwa aliyekosa kulipa ndiye peke yake aliyemsukuma kutoka 300 hadi 480, ana kila sababu ya kuomba auziwe kwa 300.