Boti Haijaribiwi Kwenye Pipa

Siku hizi boti inasafiri kwa fuso. Ukinunua chombo kilichotumika kule Mbamba Bay, unawalipa vijana wa kupakia, kinafungwa kamba, kinapanda Mbinga, kinapita Songea, Njombe na Makambako, kinakunja kwenda Mbeya, halafu kinateremka Tukuyu hadi Kyela. Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, simsikii tena mtu akiuliza namna ya kukileta kwa maji. Kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto imekwisha, nami spana nimeweka chini.

Nisingeandika haya. Lakini kwenye msiba wa mzee aliyenifundisha, msemaji mmoja alisimama akasimulia jinsi marehemu alivyokuwa hodari wa kujaribu mashine kwenye pipa mpaka ikubali. Nikanyamaza, maana msibani watu hawabishani. Msiba umeshaanuliwa, sasa naweza kusema: mzee hakuwahi kuliamini pipa hata siku moja, na aliyesema vile anajua.

Mimi ni mtoto wa Ipinda, Kyela, nyumba ya mpunga na kakao. Nilimaliza darasa la saba, jina halikutoka, mjomba akanichukua Iringa kwenye gereji ya Land Rover. Huko nilijua kuitikia "kamwene" kabla sijajua saizi za spana. Gereji ikafa, nikafuata samaki Mtera. Bwawa lilikuwa bado jipya, miti iliyozama imesimama chini ya maji, na kila wiki wavuvi wa Migoli walileta mashine zilizovunja propela kwenye visiki. Mtera ilinifundisha mashine. Maji sikufundishwa, kwa sababu ukizimikiwa kwenye bwawa lile unajisukuma kwa upondo hadi kisiki cha karibu, unafunga kamba, unatengeneza, unaondoka.

Ziwa Nyasa halina kisiki cha kufungia kamba. Kina chake kinafika mita 700, na upande wetu, kuanzia Matema kuelekea kusini, Milima ya Livingstone inaporomoka moja kwa moja majini. Hakuna barabara ufukweni, kuna vijiji vimebanwa kwenye vikorongo: Ikombe, Lumbila, Makonde, Lupingu, halafu Manda karibu na Mto Ruhuhu. Kabla Mkoa wa Njombe haujamegwa mwaka 2012, pwani hiyo ya Ludewa ilikuwa Iringa. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kutoa boti Iringa na kuzipeleka Mbeya kwa maji, jambo ambalo ukimweleza mtu wa Kihesa, pale Iringa mjini, anadhani umelewa.

Mzee alikuwa Mkisi wa Ikombe, kwenye ukoo wa wanawake wafinyanzi ambao vyungu vyao vinauzwa mnadani Lyulilo. Yeye alilikwepa tope akaingia chumba cha mashine, enzi MV Songea na MV Iringa zikiwa chini ya Shirika la Reli. Alipoacha meli akarudi kwenye mashine ndogo. Nilimkuta bandari ya Itungi, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nimetoka Mtera. Akaniuliza kama Mtera kuna mawimbi. Nikasema yapo. Akacheka mpaka akakaa chini.

Watu waliomwajiri walikuwa wavuvi waliopata fedha, wenye nyumba za wageni Matema, na mara nyingine mtu wa mbao kutoka Mafinga aliyeiona boti ya misheni inauzwa akaitamani. Wote walifikiri kazi inaanza siku ya kung'oa nanga. Kwa mzee ilikuwa inaishia hapo. Alikaa Manda siku kadhaa na chombo kilichokwisha kununuliwa, mnunuzi ananung'unika gharama za kulala, na yeye wala hana habari naye.

Alianza na ubao wa tezi, ule unaobeba mashine. Boti nyingi za faiba zina plaiwudi ndani ya ubao huo, na maji hupenya kupitia matundu ya bolti. Kwa nje unaona rangi safi. Mzee alishika bisibisi upande wa chuma, akagonga kwa mpini polepole, kutoka pembeni akisogelea bolti, kichwa amekiinamisha. Palipo pazima panajibu kwa mlio mkavu. Palipooza mlio unakufa. Akifika hapo hasemi neno. Anachora alama ya chaki, anaendelea. Chaki ikishazunguka bolti zote nne, mnunuzi alianza mwenyewe kumtafuta muuzaji kwa macho.

Kisha oili ya gia. Unalegeza skrubu ya chini kidogo tu na kuacha itone kwenye kiganja. Ikitoka kama chai ya maziwa, sili imekufa na maji yameingia. Impela ya pampu ya maji ilibadilishwa bila mjadala, hata kama muuzaji ana risiti ya juzi, kwa sababu mpira uliokaa mkavu miezi kadhaa unakakamaa na kukatika ukiwa safarini. Namba ya mashine ilisomwa kwa tochi. Ikiwa imepitishwa tupa, tulifunga mizigo na kuondoka. Karatasi za mauziano zilisainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na baadaye, zilipokuja mamlaka za kudhibiti vyombo, SUMATRA na kisha TASAC, pakaongezwa ukaguzi na usajili. Mzee hakulalamika. Alisema wamechelewa.

Sasa pipa. Fundi anakata pipa la lita 200, analijaza maji, anatumbukiza mguu wa mashine, anavuta kamba. Inawaka, maji ya kupoozea yanaruka nyuma, sisi tunasema inakojoa, na mnunuzi anatoa fedha. Anachokuwa ameona ni kwamba mashine inaweza kuwaka. Ndani ya pipa propela inakoroga maji yale yale, yamejaa moshi na mapovu, na huwezi kuifungulia mafuta mpaka mwisho bila kumwaga pipa lote. Haisukumi chochote. Chombo chenye uzito ndicho kinachoonyesha kabureta yenye njaa, au kichwa cha silinda chenye ufa unaofunguka kikishapata moto.

Mzee alipenda kusimulia habari ya Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyoletwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Agosti 1914 Waingereza waliifuata Liuli na meli yao Guendolen, wakaikuta imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, wakaiharibu bila upinzani wa maana. Akimaliza alikuwa akinigeukia: hata manowari ikiwa juu ya magogo ni chuma tu, kijana wangu, mambo yote yako majini.

Kwa hiyo tulijaza viroba vya mchanga. Madumu sita ya lita 20 ni karibu kilo 90 za petroli. Ongeza watu, nanga, vyakula, na ile mizigo ambayo mnunuzi huitaja asubuhi ya safari. Uzito wote huo ulipakiwa kwa mchanga, tukatoka mbele ya Manda, tukaenda na kurudi huku kijiji kikituona, saa nzima, robo ya muda huo mashine ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Halafu tunazima ghafla na kuvua plagi kabla hazijapoa. Yamaha 40 ina silinda mbili, kwa hiyo plagi mbili, na lazima zifanane. Ya kahawia iliyokauka, sawa. Nyeupe, silinda inakosa mafuta na pistoni itaungua. Nyeusi na mbichi, oili imezidi au moto ni dhaifu. Nyeupe moja na nyeusi moja, hakuna safari.

Vijana mnisikilize hapa. Lita 50 za petroli kwa lita moja ya oili, maana yake mililita 400 kwa dumu la lita 20. Nawaona mnamwaga kwa macho, na mkiulizwa mnasema oili nyingi haiui mashine. Inaziba plagi, na plagi inayoziba mbele ya Lumbila usiku ni jambo tofauti na plagi inayoziba gereji. Kipimo kinauzwa bei ya soda!

Huyo msemaji wa msibani tulifundishwa pamoja. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu, sikatai. Alichokosa ni subira, na wateja wanampenda mtu asiye na subira kwa sababu anawarudisha nyumbani mapema. Akajitenga, akanunua pipa. Boti mojawapo aliyoipitisha iliganda mashine mbele ya Makonde, upepo wa kusini ukiwa umeamka, watu wakapiga makasia mpaka viganja vikachubuka, wakafika salama. Aliwaambia petroli ilikuwa na maji. Chujio la mafuta ya boti ile nililifungua mwenyewe. Lilikuwa safi, halina tone la maji.

Ubishi mwingine ulikuwa umbali kutoka ufukweni. Yeye alitembea karibu na miamba, eti ukizimikiwa uogelee. Mzee alikaa mbali, kilomita mbili au zaidi, na hapo niko naye mpaka leo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini, ambao Wamalawi wanauita mwera, unasukuma maji ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, na sisi wa Kyela tuko mwisho wake kabisa. Ukienda Matema unakutoka nyuma. Upepo wa nyuma ni mtamu, boti inateleza, hujui mawimbi yamefika kimo gani mpaka ujaribu kugeuka. Mashine ikizima ukiwa karibu na mwamba, una muda wa kuvuta kamba mara chache tu. Ukiwa mbali unaangusha kitu cha kukokota majini, kiroba au ndoo iliyofungwa kamba, omo inageukia mawimbi, unafungua kifuniko na kufanya kazi kama fundi.

Mafuta tulipiga hesabu ya theluthi: theluthi mbili za safari, theluthi moja ya balaa. Kutoka Manda hadi Matema ni zaidi ya kilomita 100, Yamaha 40 ukiikamua inakunywa karibu lita 20 kwa saa, na njiani hakuna kituo cha mafuta.

Kwenye saa ya kuondoka mimi na mzee hatukuelewana hadi anakufa. Yeye alitaka saa tisa usiku, ili mtu awe amepita Lupingu kabla upepo haujaamka. Mimi nilitaka kuona. Usiku wa giza wavuvi wa usipa wametanda na taa zao, na nyavu zao hazina taa. Wavu ukishajiviringisha kwenye propela unaning'inia nje ya boti na kisu mdomoni. Alisema ninaogopa giza. Nilisema naogopa nyavu. Tuliondoka saa kumi na moja, kila mmoja akiamini ameonewa.

Huyo mwenzangu bado anatengeneza mashine, na nasikia pipa lake sasa ni la plastiki. Kama anaamini alichosema mbele ya jeneza, mafuta nitanunua mimi. Tukutane Manda mwezi wa Julai, yeye na mashine aliyoijaribu pipani, mimi na yangu, wa kwanza kufika Matema ndiye atakayesimulia habari za mzee. Jaketi okozi aje na lake.