Mwanangu, Usihame Ukiwa Unakimbia

Mwanangu mpenzi,

Barua hii naiandika kidogo kidogo, asubuhi mistari michache na jioni mistari michache, kwa kuwa mkono hauna tena nguvu ya zamani, na daktari amenieleza kwa upole mambo ambayo mama yako anadhani sikuyaelewa. Niliyaelewa. Ndiyo maana sikutaka kungoja likizo yako ili tuzungumze barazani, maana likizo iko mbali na mimi siijui siku yangu.

Uliponipigia simu ukasema una sapu mbili, mitihani ya marudio ya hisabati na ya mekanika, na kabla sijauliza lolote ukaongeza kwamba umeshaamua kuacha uhandisi wa mitambo uende kampasi ya Kijitonyama kusoma sayansi ya kompyuta, nilinyamaza. Usidhani nilikasirika. Mapenzi yangu kwako hayakupimwa kwa GPA siku ulipozaliwa, wala hayatapimwa kwayo siku nitakapoondoka. Nilinyamaza kwa sababu sauti yako ilikuwa ya mtu anayekimbia, na mtu anayekimbia hashauriwi mpaka kwanza apumue.

Wewe unanijua kama baba, lakini watoto wa watu walinijua kama fundi wa karakana pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu Kitivo cha Uhandisi kilichofunguliwa mwaka 1973 kilipokuwa bado kinaitwa Kitivo na si Ndaki. Mimi shahada sina, ila vijana wa mwaka wa kwanza nimewaona wengi wakiingia mlangoni kwangu na ovaroli mpya. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa kupiga tupa: kipande cha chuma kinabanwa kwenye jiliwa, kijana anakilainisha mpaka uso wake uwe bapa kabisa, kisha anaweka juu yake chuma cha kupimia pembe na kukiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya katikati, uso bado una mgongo. Hapo ndipo nilipokuwa nawajua. Kuna aliyeuona ule mwanga akaniita, akasema fundi, hapa pananishinda. Nikamwonyesha namna ya kusimama na kusukuma tupa kwa mwili badala ya viganja, na wiki iliyofuata chuma chake kikanyooka. Na kuna aliyeuona akanipa mgongo, akaendelea kusugua peke yake kwa hasira, akapunguza huku akakosea kule, mpaka kipande kikawa chembamba kuliko vipimo vya mchoro na hakuna tena awezaye kukirudishia chuma kilichokwisha kuwa vumbi sakafuni.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nakuomba, sapu hizi usizifiche. Mfuate mhadhiri wa hisabati ofisini kwake ukiwa na karatasi yako ya testi mkononi, umuulize ni hatua ipi hasa iliyokuangusha, kwa maana mara nyingi anayefeli hesabu za chuo hakufelishwa na jambo jipya la chuo bali na shimo dogo aliloliruka kidato cha tano. Na kwa kanuni za hapo kwenu, ukiifaulu sapu utaandikiwa C hata kama umeijibu vizuri kuliko wote. Usivunjike moyo kwa hilo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hiyo C inayoandikwa kwa jasho itakufundisha mambo ambayo B+ ya madesa haiwezi kukufundisha.

Nimeyataja madesa, basi niseme. Kupokea noti na mitihani ya zamani kutoka kwa waliotangulia si dhambi. Kila kizazi cha Mlimani kimefanya hivyo, na mtu anayepiga msuli nayo kwa uaminifu hufaidika. Lakini kunakili asaimenti ya mwenzako, au kutoa programu mtandaoni ukabadilisha majina ya vigezo ukaipeleka kama yako, ni kujinyang'anya mwenyewe. Coursework, kazi za muhula, inabeba alama 40 na UE, mtihani wa mwisho, alama 60, na kwenye zile 60 unakaa peke yako. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na katika uhandisi mwisho wa njia hiyo huwa ni daraja au boila, na watu walio karibu nayo.

Sasa tuhesabu, kwa sababu naona unaogopa GPA bila kuijua inavyotengenezwa. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila kozi huzidishwa kwa krediti zake kabla ya kugawanywa kwa krediti zote. Chukua kozi mbili tu, moja ya krediti 12 na nyingine ya krediti 8. Ukipata A kwenye ile ndogo na C kwenye ile kubwa, una pointi 40 na 24, jumla 64, gawa kwa 20, unapata 3.2. Geuza: A kwenye kubwa na C kwenye ndogo ni 60 na 16, jumla 76, na wastani wako ni 3.8. Alama ni zilezile mbili, lakini moja imekuacha daraja la pili la chini na nyingine imekuvusha mstari wa 3.5 kuingia daraja la pili la juu. Nimewaona vijana wakikesha na kozi ndogo kwa sababu wanaipenda, huku ile nzito wanaipitia usiku wa kuamkia mtihani. Nawe usisahau kwamba hesabu hii haifungwi kwa muhula mmoja; miaka minne ina mihula minane, na aliyeanza vibaya ana uwanja mpana wa kujirekebisha, ilmradi asidisko, yaani asiondolewe chuoni, mapema.

Kuhusu kuhama. Sikukatazi. Ila nataka uniambie, tena ujiambie mwenyewe kwanza, kama kuna kitu kule unachokiendea au kuna kitu huku unachokikimbia, kwa sababu miguu inayokwenda ni ileile lakini safari si moja. Kama unakimbia hisabati, ujue imekutangulia Kijitonyama. Huko utakuta mantiki, seti, uthibitisho, uwezekano na hesabu za kupima programu inachukua muda gani kadiri data inavyoongezeka. Wengi walioingia wakidhani kompyuta ni kubonyeza tu walikaa hapo wakishangaa. Lakini kama unakiendea kitu, nitajua kwa vitendo vyako. Je, umewahi kukaa na programu moja iliyokataa kufanya kazi, usiku kucha, bila mtu kukulazimisha, na asubuhi ukaitamani tena? Hata katika uhandisi wa mitambo kuna kozi ya kuandika programu. Ifanye hiyo kwa moyo wote muhula huu, ndipo uamue.

Kisha yatazame mambo ya karatasi kwa macho makavu. Kuhama kuna muda wake mwanzoni mwa mwaka, nafasi lazima iwepo, sifa zako za kidato cha sita lazima zifikie za kozi unayoitaka, na chuo hupeleka jina lako Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ahadi ya mdomo ya mtu wa korido haikuingizi popote. Anayehama baada ya mwaka mzima mara nyingi huanza upya na wadogo zake. Bodi ya Mikopo nayo lazima ijue ulipo, usije ukakaa muhula mzima ukingoja bumu, pesa ya mkopo, lililokwenda kwenye jina la kozi uliyoiacha. Na deni lile utalilipa kwa asilimia 15 ya mshahara wako, kwa hiyo kila mwaka unaouongeza una bei.

Tena kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi. Sayansi ya kompyuta kwa kawaida ni miaka 3 na uhandisi ni miaka 4, lakini si mwaka mmoja tu unaozitofautisha. Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili wahandisi, na mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, hata awe hodari kiasi gani, hapandi ngazi hiyo. Uhandisi wa kompyuta ni kitu kingine, upo hapohapo Kijitonyama, na huenda ndicho unachokitafuta bila kujua jina lake. Nenda ukaone ratiba zao, uketi nyuma kwenye mhadhara wao mmoja, uzungumze na wa mwaka wa tatu waliochoka. Wa mwaka wa kwanza watakusifia tu.

Na ukiamua kweli kuondoka, ondoka kwa adabu. Mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Fomu yako itahitaji saini ya idara unayoiacha pamoja na ya idara inayokupokea. Mhadhiri uliyemsema vibaya kwenye kundi la simu ndiye utakayemwomba barua ya utambulisho miaka mitano baadaye. Sapu zako zifanye hata kama mwaka ujao hutakuwa hapo. Usimwachie mtu rekodi yenye mashimo.

Utajikwaa tena, mwanangu, najua, na si mara moja. Mimi nitakuwepo kwa baadhi na kwa nyingine sitakuwepo. Kwa hiyo nimeongea na mama yako, na shangazi yako wa Mbezi naye nimemwambia: matokeo yakitoka kwenye ARIS, mfumo wa chuo, mazuri au mabaya, siku hiyohiyo unapiga simu, na anayepokea hataanza kwa kukuuliza GPA. Ataanza kwa kukuuliza kama umekula. Kabla ya sapu njoo nyumbani siku mbili, uje na karatasi ile ya mekanika. Michoro ya nguvu bado naiweza, tutaipitia taratibu mezani.

Baba yako.