Nipe Mji

Wiki iliyopita hatukuandika kitu kwa sababu tulikuwa shuleni kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Sasa tumekaa chini, wacha tuwaambie venye ilienda.

Shule yenyewe ni ile ya msingi iliyo karibu na kambi, unatembea tu unafika. Watoto wetu wanasoma pale pamoja na watoto wa wenyeji wa hapa Mulanda. Wiki hiyo ilikuwa na siku kuu mbili. Jumatatu tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na Ijumaa tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Mwalimu mkuu akaona badala ya kufanya sherehe mara mbili, afadhali wiki nzima iwe ya masomo na michezo na sherehe. Akatuita sisi vijana wa kujitolea tusaidie.

Kabla hatujaendelea, kuna kitu lazima tukiseme wazi, bila hicho hamtaelewa. Wakati tulipokuwa Malaba, mwezi wa Januari, na tukaambiwa tunahamishwa Mulanda, kuna watu walikataa kupanda lori. Sababu ilikuwa lugha. Watu wa hapa ni Jopadhola, na Dhopadhola wanayoongea ni ndugu ya Kijaluo cha kwetu. Wengi wetu hapa kambini ni Wakikuyu tuliotoka Kisumu, Busia, Eldoret na kwingine. Kuna wenzetu ambao sauti ya mwisho waliyosikia kabla nyumba haijashika moto ilikuwa ya lugha kama hiyo. Sasa unamwambia mtu kama huyo aende kulala katikati ya watu wanaoongea hivyo?

Hatusemi Wajaluo ni watu wabaya. Tunajua Nakuru na Naivasha wao ndio walichomewa, na waliochoma walikuwa watu wetu. Na kule Eldoret waliotufukuza hawakuwa Wajaluo. Hayo yote tunayajua kwa akili. Lakini masikio hayana akili, masikio yanakumbuka tu. Mtoto anasikia mama wa sokoni akiita mwanawe, anakimbia kwa hema.

Basi hiyo ndiyo hali tuliyoenda nayo shuleni.

Jumatatu tulianza na kosa. Tulitaka mambo yaende kwa mpango, tukapanga watoto mistari miwili, Kenya huku, Uganda huku. Tulidhani ni heshima, kila nchi ionekane. Watoto wetu walikuwa na sweta za shule zao za zamani, kijani, nyekundu, buluu, za shule ishirini tofauti, na wale wa hapa na nguo zao za shule, wengi miguu mitupu. Wakasimama wakitazamana kama timu mbili zinazongoja firimbi. Mwalimu mmoja wa kike wa hapa akatusogelea akatuambia polepole, "Vijana, hii ndiyo kitu mliyoikimbia." Tuliona aibu sana. Tukavunja mistari, tukawapanga kwa urefu.

Tukawasimulia habari ya Soweto. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Afrika Kusini waliandamana kwa sababu serikali ya makaburu ililazimisha nusu ya masomo yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo hawakuitaka na wengi hawakuielewa vizuri. Polisi wakawapiga risasi. Hector Pieterson alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na picha yake akiwa amebebwa mikononi ilizunguka dunia nzima. Ndiyo maana Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya watoto, ikaanza kuadhimishwa 1991.

Tulipomaliza, msichana wetu mmoja wa P3 akainua mkono. Akauliza, "Kwa hivyo walikuwa wanafundishwa kwa lugha hawaelewi, kama sisi?"

Hapo hatukuwa na jibu la haraka. Mnajua mwaka 2007 Uganda ilianza mtaala mpya ambapo watoto wa madarasa ya chini wanafundishwa kwa lugha ya nyumbani. Ni jambo zuri kabisa, hata wale wa Soweto wangelifurahia. Lakini lugha ya nyumbani ya hapa ni Dhopadhola, siyo ya nyumbani kwetu. Mtoto wetu wa darasa la kwanza anakaa siku nzima akitazama mdomo wa mwalimu. Walimu wanajitahidi, wanachanganya na Kiingereza, lakini wako peke yao na watoto ni wengi.

Jumanne tulikosea tena. Tulikuwa tumetayarisha mchezo wa kuigiza kuhusu safari yetu, tukidhani wenyeji wakiona tulivyoteseka watatupenda. Tulipofika mahali pa kupiga kelele za watu wanaokuja, mtoto mmoja mdogo wa kambini akaanza kulia, na akilia mmoja wanalia wote. Tukaukata mchezo katikati. Mzee mmoja wa kambini alikuja jioni akatuuliza, "Mlikuwa mnawafundisha nini hao watoto, ambacho hawakijui?" Tukanyamaza. Tunaandika haya ili kikundi kingine cha vijana kisirudie.

Usiku huo tulikaa nje ya hema tukijadili. Mmoja wetu akasema, tusiwafundishe kitu chochote cha huzuni, hebu tuulize watoto wenyewe wanajua nini ambacho wenzao hawajui. Jibu lilikuwa rahisi: Kiswahili.

Hii nayo ni habari ya kuuma. Kwetu Kenya wakati huo mtoto alikuwa anamaliza darasa la nane, anafanya KCPE, na Kiswahili kilikuwa mtihani kamili, kulikuwa na insha na lugha. Hapa wanamaliza P7, wanafanya PLE, na masomo ya mtihani ni manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Masomo ya Jamii. Kiswahili hakikuwemo. Watu wengi wa Uganda wanakijua kama lugha ya askari na kambi za jeshi, siyo lugha ya darasa. Kwa hivyo mtoto aliyekuwa namba moja kwa insha kule Kenya, hapa hakuwa na mahali pa kuionyesha. Na wale waliokuwa wameanza darasa la nane waliwekwa P7. Wanaona kama wamerudishwa nyuma, hata ukiwaambia hapa P7 ndiyo mwisho.

Kuna kijana mmoja wa aina hiyo. Jina hatutaji. Alitoka Kisumu na mama yake na wadogo wawili. Tangu Januari alikuwa haongei shuleni, anakaa dirishani. Lakini sisi tulikuwa tumeona daftari lake, anaandika insha peke yake, bila mtu kumwambia, na anajipa alama mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Jumatano asubuhi tulimwomba afundishe P6 na P7 vitendawili. Alikataa. Tukamwambia sawa, basi tutafundisha sisi, wewe tusahihishe tukikosea. Tukakosea makusudi mara mbili. Mara ya tatu akaja mbele akachukua chaki.

Tulikuwa chini ya mwembe kwa sababu darasa lilikuwa halitoshi. Akawaeleza, mimi nikisema "Kitendawili!" nyinyi mnasema "Tega!" Wakafanya mara moja, mara mbili, mpaka wale wa darasa la kwanza wakatoka kuchungulia. Akatega: nyumba yangu haina mlango. Wakahangaika, mmoja akapata, yai. Akatega: kuku wangu ametagia miibani. Jibu tunalojua sisi ni nanasi. Mvulana mmoja wa hapa akasimama akasema ndimu. Tukamwambia siyo. Akabisha, mti wa ndimu una miiba, na ndimu ni kama mayai. Kelele zikawa nyingi, ikabidi tupige kura, na ndimu ikashinda. Mwalimu wetu mdogo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tunamwona akicheka.

Halafu akatega kingine, kigumu, wote wakashindwa. Si mnajua sheria, mkishindwa mnatoa mji. Akawaambia, "Nipeni mji." Wakashangaa. Akawaeleza kwamba lazima wampe mji wowote, aende akatembee kwa mawazo, akirudi ndipo awaambie jibu. Msichana mmoja wa hapa, wa P6, alitaka kumpa mji mzuri, mji mkubwa anaousikia watu wakienda. Akasema kwa furaha, "Chukua Kisumu!"

Pale chini ya mwembe pakawa kimya. Watoto wetu wote walijua. Yule msichana hakujua kitu, akabaki anatabasamu, halafu tabasamu likaanza kuisha. Sisi tulikuwa tayari kuingilia. Tulifikiria ataitupa chaki aende.

Akasimama hivyo kwa muda. Kisha akasema, "Huo siutaki. Nipe mwingine."

Msichana akafikiri. Akasema, "Basi chukua Mulanda."

Watu wakaangua kicheko, wa hapa ndio zaidi, kwa sababu Mulanda si mji, ni maduka machache na barabara ya vumbi. Lakini yeye akaukubali. Akasema kama inavyotakiwa: nilienda Mulanda, nikapewa posho na maharagwe, nikala nikashiba, na watu wa huko wakaniambia "yoga". Hiyo ndiyo salamu ya Dhopadhola. Hatukujua kama anaijua. Wale watoto wa hapa wakapiga makofi mpaka walimu wakatoka ofisini.

Kutoka hapo wiki ikajiendesha yenyewe. Alhamisi asubuhi watoto wa hapa ndio walikuwa walimu. Wakatufundisha kusalimia, kuomba maji, kusema asante. Tukawa tunakosea na wao wanacheka. Mama mmoja wa kambini, ambaye alikuwa kati ya wale waliokataa lori, alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Hakusema kitu, lakini hakuondoka. Mchana kulikuwa na mpira, timu zilichanganywa, matokeo hatuyakumbuki kwa sababu refa alikuwa mmoja wetu na bado tunalaumiwa.

Alasiri mwalimu mkuu akakaa na wazazi wa watoto wa P7. Alitaka kujua wangapi watakuwepo mwisho wa mwaka wafanye mtihani hapa. Ni swali dogo, lakini lilikuwa zito kama jiwe. Tangu Mei 2008 serikali ya Kenya ilikuwa kwa Operesheni Rudi Nyumbani, ikirudisha watu waliokuwa kambi za ndani, na kila jioni kwenye redio tulikuwa tunasikia. Wazazi wengine wanasema watarudi mwezi ujao. Wengine wanasema hawarudi kamwe, shamba limechukuliwa na jirani. Wengi hawajui. Kusema "ndiyo, mtoto wangu atafanya PLE" ni kama kukubali kwamba tumekaa. Baba mmoja alisema hivyo, kwamba akiandikisha mtoto huku atakuwa amejitia muhuri wa ukimbizi.

Mwalimu mkuu hakubishana naye. Alisema sheria ya Uganda ya wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto wa mkimbizi elimu ya msingi sawa na mtoto wa hapa, kwa hivyo nafasi ipo, haina deni. Kisha akasema, "Nyinyi mnaweza kungoja. Darasa la saba haliwezi kungoja." Mama wa yule kijana wa vitendawili alikaa kimya mpaka mwisho. Alipoinuka alisema, "Andika. Tukirudi, tutarudi na cheti."

Wazazi wengine waliandikisha, wengine hawajaandikisha. Yule baba bado anafikiri, na hatumlaumu.

Ijumaa ilikuwa sherehe yenyewe. Kulikuwa na wageni, hotuba, nyimbo, na spika iliyokataa kufanya kazi mpaka hotuba zikaisha, jambo ambalo hakuna aliyelisikitikia. Mgeni mmoja alitwambia kwamba karibuni sote tutarudi kwetu, na watu hawakujua kama wapige makofi au wasipige. Saa nane mvua kubwa ikanyesha, tukakimbilia madarasani wote, wakimbizi na wenyeji na wageni, tumebanana kama njugu kwa gunia, chakula kinapitishwa dirishani. Ni wapi ungejua huyu ni wa kambi na huyu ni wa kijiji? Wote tulikuwa na matope.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Bado kuna watoto wanaoshtuka. Bado kuna watu wazima hapa wasioenda sokoni peke yao, na kuna wenyeji wanaosema tumekuja kumaliza kuni zao. Darasa la kwanza bado wanatazama mdomo wa mwalimu. Lakini jana jioni tulikuwa kwa foleni ya maji, tukasikia watoto wamejaa pale, wetu na wa kijiji, wanategeana vitendawili, vingine kwa Kiswahili, vingine kwa Dhopadhola, na aliyeshindwa anapigiwa kelele: "Nipe mji! Nipe mji!" Wakatoa Tororo, wakatoa Kampala, wakatoa Nairobi, wakatoa hata London.

Yule kijana wetu alikuwepo, na mtungi wake. Sasa wenzake wa kijiji wanamwita "mwalimu". Akapewa miji mingi na akaichukua. Kisumu bado hajaichukua. Tumekubaliana sisi kwa sisi kwamba mtu asimharakishe.

Tuna ombi moja. Tumeanza darasa la Kiswahili kila Jumamosi chini ya mwembe, kwa mtoto yeyote, wa kambi au wa kijiji. Vitabu tulivyo navyo ni viwili, kimoja hakina jalada. Kama uko Kenya, au mahali popote, na una kitabu cha zamani cha Kiswahili cha shule ya msingi ambacho watoto wako wameshakimaliza, usikitupe. Tuandikie, tutapata njia ya kukifikisha.

Yoga kutoka Mulanda.