Arosto na Kibarua cha Asubuhi

Ukitaka kumjua mtu wa unga, yaani heroini, hapa Kariobangi, usimtazame akiwa amelewa. Mtazame alfajiri, arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikiwa imemshika. Saa nane hadi kumi na mbili zikipita tangu kete ya mwisho, anapiga miayo ovyo, machozi na kamasi vinamtoka bila mafua, malaika yanamsimama, tumbo linamkata na mifupa inamuuma. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi.

Mimi nimepita huko. Sasa kazi yangu ni kuwafuata wenzangu mitaani, kuanzia Light Industries hadi upande wa Korogocho. Mtu mwenye arosto simhubirii. Saa hiyo hatafuti starehe. Anatafuta nguvu za kusimama abebe vyuma apate ya kula.

Familia nyingi humfungia kijana chumbani hadi arosto imwishe. Nawaelewa, wamechoka kuibiwa sufuria. Lakini kuhara na kutapika kunaweza kummaliza maji mwilini, na hatari kubwa zaidi inamngoja nje ya mlango. Mwili umeshapoteza mazoea; akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakatika. Nimewazika watu waliokuwa wakisifiwa kwamba wamepona.

Ipo dawa ya kuzuia arosto: methadoni, iliyoanza kutolewa Kenya Desemba 2014, katika hospitali ya Mathari. Baadaye Ngara nako kukafunguliwa kliniki. Ni dawa ya maji, unaimeza mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Dozi moja humtosha mtu hadi kesho yake, arosto isimsumbue. Wapo wanaosema tumebadilisha ulevi kwa ulevi. Waje wamwone mama aliyekuwa akilala kando ya mtaro, leo anauza mboga na kulipa kodi ya nyumba.

Tatizo ni asubuhi. Fundi anataka watu kazini saa moja, nawe uko kwenye matatu ukielekea Mathari, kama nauli imepatikana. Ukikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hupunguzwa kwa usalama wako, na arosto inaanza kukunyemelea upya. Kwa hiyo kijana anachagua: dawa au kibarua. Wengi huchagua kibarua, na baada ya wiki nawakuta tena kwenye unga.

Enyi wenye karakana za Light, anayefika saa nne akitoka kunywa dawa si mvivu. Mpeni kazi, mkate zile saa alizochelewa, lakini msimfukuze.