Kanombe: Makao ya Rais Yaliyogeuka Jumba la Sanaa

Msafiri ashukaye katika kiwanja cha ndege cha Kigali hukanyaga ardhi ya Kanombe kabla hajauona mji wenyewe. Kanombe iko mashariki ya mji mkuu huo wa Rwanda, katika wilaya ya Kicukiro. Wageni wengi huiacha upesi, wasijue kuwa si mbali na hapo ipo nyumba inayostahili kutazamwa.

Nyumba hiyo ilikuwa makao ya Rais Juvénal Habyarimana. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, aliporejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ndege yao ilitunguliwa ikikaribia kutua, na vipande vyake vikaanguka penye makao hayo hayo. Hakupona hata mmoja. Ndipo yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyodumu siku 100 hivi na kuangamiza watu zaidi ya 800,000. Mabaki ya ndege yangali pale, penye ukuta wa bustani.

Tangu mwaka 1994 hata sasa mengi yamebadilika. Mwaka 2018 nyumba ilifanywa Jumba la Sanaa la Rwanda, na vyumba vilivyokuwa vya wakubwa sasa vina picha na sanamu, kazi za mikono ya wananchi.

Miongoni mwa sanaa za nchi hiyo, imigongo ni ya pekee. Jina lake halimpi taabu Mswahili, kwani maana yake ni migongo tu. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, kisha hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao ili kufanya matuta yaliyonyooka. Ikikauka hulainishwa, ndipo hutiwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Asili yake ni Gisaka, upande wa mpaka wa Tanzania, nako kwa desturi ilikuwa kazi ya kina mama kupamba kuta za nyumba zao. Baada ya 1994 ilikaribia kupotea. Wajane walioungana katika ushirika huko Nyakarimbi wakaifufua, ikawapatia riziki.

Basi afikaye Kanombe asiridhike na picha za ndani peke yake. Na ayafikie pia mabaki yale ya bustanini, apate kujua kazi hizo zimeinuka kutoka msiba gani.