Sofia Haombi Rushwa

Nchini kwetu Rwanda, kamera za kupima mwendo wa magari zina jina la mwanamke: Sofia. Jina hilo halimo katika sheria yoyote. Ni watu wenyewe waliolitoa. Dereva akisikia kwamba mbele kuna Sofia, hupunguza mwendo mara moja.

Baba yangu mdogo ni dereva wa teksi mjini Kigali. Gari si lake. Kamera ikimnasa, ujumbe wa faini huingia kwenye simu ya mwenye gari, naye huikata kwenye malipo ya baba mdogo. Faranga 25,000 alizowahi kukatwa zingetulisha nyumbani zaidi ya wiki nzima. Ndiyo maana kwetu jina la Sofia halimchekeshi mtu.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaotaka kamera ziondolewe. Mdogo wangu huvuka barabara kuu kila siku akienda shuleni na kurudi. Tangu kamera iwekwe karibu na kivuko chake, magari hupunguza mwendo hata alfajiri, wakati hakuna askari. Isitoshe, Sofia haombi rushwa wala haulizi gari ni la nani. Kwake gari la tajiri na teksi ya baba mdogo ni namba tu.

Tatizo ninaloliona ni kikomo cha mwendo na alama zake. Madereva wengi walilalamika kwamba hata barabara pana za Kigali zilikuwa na kikomo cha kilomita 40 kwa saa, na kwamba kamera nyingine zilifichwa. Mwaka 2021 malalamiko hayo yalimfikia Rais Kagame, naye akataka uwepo uwiano. Baadaye kikomo katika baadhi ya barabara kikapandishwa hadi kilomita 60. Mashine hupima tu. Wanaoamua mwendo gani ni kosa ni watu, na watu wanaweza kusikiliza.

Kwa maoni yangu, serikali izingatie mambo mawili. Kwanza, alama ya kikomo itangulie kila kamera na ionekane mchana na usiku. Dereva anayeiona hupunguza mwendo palepale. Asiyeiona hupata faini baadaye, wakati mtoto ameshavuka au ameshagongwa. Pili, ujumbe umfikie pia anayeendesha, ili ajue alikosea wapi na aweze kujitetea kabla ya kukatwa malipo yake.

Tangu mwaka 2019 polisi wetu wana kampeni iitwayo Gerayo Amahoro, yaani mfike salama. Hilo ndilo lengo, na faini ni njia tu ya kulifikia. Kamera ikikaa mwezi mzima bila kumnasa mtu, tusiseme haina faida. Tuseme imefanya kazi yake.